Kamba ya Mbuzi: Hotuba juu ya Hukumu za Madereva na Kazi za Serikali



Tumepewa mambo mawili tuyaseme leo, na labda wako watakaoshangaa kuyaona yamefungwa katika mzigo mmoja. La kwanza ni adhabu wapewazo madereva waendeshao motakaa kwa hatari wakaua watu. La pili ni kazi za Serikali hapa Kenya, jinsi zinavyogawanyika baina ya makabila. Mtu atauliza, usukani wa motakaa na kalamu ya ofisini vina udugu gani? Jibu lake hatukulitoa kitabuni, tumelisikia matangani.

Motakaa imemgonga mtoto atokaye shuleni. Dereva ameshtakiwa, miezi imepita, kisha habari yaletwa kijijini kwamba ametozwa faini, ameilipa siku ile ile, naye amekwisha rudi kwake. Wazee huketi kimya kitambo kidogo, halafu mmoja wao husema, "Mlitazamia nini? Polisi ni wao, karani ni wao, na hakimu ni wao." Hapo malalamiko mawili yamekwisha kuwa moja. Adhabu imeonekana ndogo, na udogo wake umepewa sababu ya kabila. Na neno lile likisemwa matangani halitoki upesi. Hukaa mpaka siku motakaa nyingine itakapomgonga mtu, na siku hiyo vijana hawangoji polisi. Huchukua mawe na kiberiti. Pengine yule wanayempiga hana kosa lo lote.

Kwa hiyo tutaanza na adhabu, maana hiyo ndiyo isiyojulikana vema.

Sheria ya barabara tuliyo nayo ilitungwa mwaka 1953, nayo imetengenezwa tena na tena tangu wakati huo. Kifungu chake cha 46 chasema kwamba mtu aendeshaye bila kujali, au kwa mwendo au namna ya kuwahatarisha watu, au aiachaye motakaa yake barabarani mahali pa hatari, na mtu akafa kwa sababu hiyo, aweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10. Tena mahakama sharti imnyang'anye leseni na kumkataza kuendesha kwa miaka 3. Kifungu cha 47 ni cha yule aendeshaye kwa hatari ijapokuwa hakuua: kwa kosa la kwanza, faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2.

Twawaomba mlishike lile neno "usiozidi." Watu wengi wamesikia "miaka kumi," wakadhani ndiyo bei iliyobandikwa juu ya bidhaa dukani, na kwamba hakimu atozaye kidogo kuliko hiyo amempunguzia rafiki yake. Sivyo. Miaka 10 ni kama kamba ya mbuzi. Kamba yaonyesha mahali ambapo mbuzi hawezi kupita. Haionyeshi mahali atakapolisha leo. Ndani ya kamba hiyo hakimu sharti apime, na kipimo chake cha kwanza si kile tukitumiacho sisi kijijini.

Tuseme wako madereva wawili. Mmoja ni wa lori. Amekunywa pombe, breki zake ni mbovu naye ajua tangu jana, na penye kona ya mlima, asipoweza kumwona ajaye, anaipita motakaa iliyo mbele yake. Anamwua mtu mmoja. Wa pili ni wa matatu. Hakunywa, mwendo wake ni wa haki, ila mvua imenyesha, barabara imekuwa utelezi, naye akachelewa kidogo tu kuurudisha usukani. Matatu inapinduka, wanakufa watu 6. Kijijini kwetu huyu wa pili ndiye mbaya, maana majeneza ni sita. Mahakamani huyu wa kwanza ndiye mwenye hatia kubwa, na yule wa pili huenda asiingie kabisa katika kifungu cha 46. Mahakama hupima kwanza jinsi dereva alivyojua hatari na kuidharau. Hatusemi kwamba roho sita si kitu. Twasema kwamba mtu hupewa adhabu kwa lile alilolifanya, na utelezi hakuufanya yeye.

Baada ya hapo hakimu husikiliza maneno ya kumpunguzia mshtakiwa: kwamba amekiri bila kuwasumbua mashahidi, kwamba hajapata kushtakiwa, kwamba alisimama akamchukua mgonjwa hospitali wala hakukimbia. Ziko taratibu zilizotolewa na Idara ya Mahakama mwaka 2016, zikatengenezwa upya mwaka 2023, zimwongozazo katika kupima huko. Wako pia madereva wapewao kazi ya kutumikia watu wote badala ya kufungwa, kwa sheria ya mwaka 1998, iwapo hakimu aona kwamba kifungo kimfaacho hakizidi miaka 3.

Lakini hapa pana neno ambalo twajua limewakereketa wengi. Kifungu cha 46 hakitaji faini hata kidogo. Basi faini yatoka wapi? Yatoka katika Sheria ya Makosa ya Jinai, kifungu cha 26, kisemacho kwamba mtu apasaye kufungwa aweza kutozwa faini badala ya kifungo, isipokuwa sheria imeweka kiasi kisichoweza kupunguzwa. Kwa hiyo hakimu atozaye faini hakuvunja sheria. Hata hivyo sisi twaona si kila lililoruhusiwa lafaa. Dereva akiwa amelewa, au amejaza abiria mpaka wananing'inia mlangoni, na tajiri wa basi akamlipia faini siku ile ile, ni nani aliyeadhibiwa? Tajiri huiandika ile faini katika daftari lake pamoja na bei ya matairi. Dereva hakuhisi kitu. Twaona kule kunyimwa leseni kwa miaka 3 kwamwuma zaidi kuliko faini ya mkononi mwa mtu mwingine, maana usukani ndio chakula chake. Na hapo mpate kujua: akirudi barabarani kabla ya siku zake, mara nyingi watu wa kijiji humwona kwanza, kabla polisi hawajamwona, nao hunyamaza.

Wako wasemao kamba irefushwe. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichukuliwa mfano, walifanya hivyo. Mwaka 1956 waliweka kikomo cha miaka 5 kwa mtu auaye kwa kuendesha kwa hatari. Mwaka 1993 wakakifanya miaka 10. Mwaka 2004 miaka 14. Na tangu tarehe 28 Juni 2022 aweza kufungwa maisha. Sisi hatuna haraka na jambo hilo. Hesabu ya Halmashauri ya Usalama Barabarani yaonyesha kwamba mwaka 2023 watu 4,324 walikufa katika barabara za Kenya, na mwaka 2024 walikuwa 4,748, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni wale waendao kwa miguu. Dereva apitaye motakaa nyingine penye kona hahesabu miaka 10 wala 14. Ahesabu kama kuna polisi mbele, na kama polisi yule atapokea noti iliyokunjwa. Wengi wenu mwakumbuka kanuni za marehemu Bwana John Michuki zilizoanza mwezi wa Februari 2004, za mikanda na vizuizi vya mwendo. Matatu zikaenda kwa adabu, watu wakastaajabu. Kisha adabu ikapungua kwa kadiri ukaguzi ulivyopungua. Kanuni hazikubadilika, waliozisimamia ndio waliochoka.

Sasa tuseme juu ya kijiji chenyewe, maana si haki kumlaumu hakimu kwa kesi iliyofika mbele yake imekwisha kufa. Hakimu hakuwapo penye ajali. Ajua yale tu aletewayo: alama za matairi barabarani, mahali ilipolala motakaa, hali ya breki zilizopimwa na mkaguzi, na maneno ya waliona kwa macho. Watu wakiichoma lori wamechoma breki zake pia, na mkaguzi hana cha kupima. Wakiisukuma kando ili njia ipitike, wamefuta alama. Yafaa naibu wa chifu aliye karibu afike upesi aweke watu wa kulinda mahali pale, wala asiache kitu cho chote kiguswe ila majeruhi.

Tena kuna desturi moja ambayo lazima tuitaje, ijapokuwa tunaketi na wazee. Baada ya maziko watu wa dereva huja na mbuzi na fedha, maneno ya huruma husemwa, na mambo yakaisha. Twaipenda desturi hiyo. Jirani na jirani wataendelea kuteka maji kisima kimoja. Lakini mara nyingi katika mapatano yale huwa na sharti la siri: mashahidi wasiende mahakamani. Basi siku ya kesi jina la shahidi laitwa mara tatu, kimya, kesi yaahirishwa, tena yaahirishwa, mwisho dereva aachiliwa. Na miaka miwili baadaye watu wale wale waliokula mbuzi husema kwamba hakimu alikuwa wa kabila la dereva. Sheria yaruhusu mapatano katika makosa madogo baina ya mtu na mtu. Kosa liwezalo kumfunga mtu miaka 10 si dogo, na wazee hawana amri ya kulifuta. Wanayo amri ya kutuliza mioyo, na hiyo yatosha.

Jambo jingine ambalo wafiwa wengi hawalijui ni kwamba waweza kusema. Dereva akiisha kutiwa hatiani, kabla hajahukumiwa, mahakama yaweza kupokea maneno ya watu wa marehemu: alikuwa nani, aliwalisha nani, ni watoto wangapi waliokosa karo. Yamo katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, tena Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 imeyatia nguvu. Mara ngapi hakimu amesikia habari za watoto wa dereva, asisikie habari za watoto wa marehemu, kwa sababu tu hapana aliyeziandika! Hapa walimu wana kazi. Mjane asiyejua kuandika aweza kusaidiwa na mwalimu kwa karatasi moja, maneno yakiwa ni yake mwenyewe, kisha ampe kiongozi wa mashtaka.

Na fidia ni kesi nyingine kabisa. Faini huingia hazina ya Serikali. Wafiwa hawapati hata senti. Lakini motakaa yatakiwa iwe na bima kwa ajili ya watu wengine, na wafiwa waweza kudai katika kesi ya madai, mradi waanze kabla ya miaka 3 kupita. Dereva akiwa amekwisha tiwa hatiani na muda wa rufani umepita, hukumu ile ni ushahidi usiopingika katika kesi ya madai. Mwaona basi kwamba kumla mbuzi na kumficha shahidi kwaweza kumnyima mjane fedha nyingi kuliko bei ya mbuzi.

Sasa twende kwenye lile neno la pili, "ni wao."

Hatutaki kusema kwamba neno hili halina asili. Linayo. Wakati wa utawala wa Waingereza kazi za Serikali katika nchi hii zilipangwa kwa rangi ya ngozi, ngazi tatu: Mzungu, Mwasia, Mwafrika. Tume iliyoongozwa na Holmes mwaka 1947 na 1948 ilitaka hata Mwafrika mwenye kazi ile ile ya Mzungu apate mshahara wa tatu ya tano tu. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyoshauri kuzivunja ngazi hizo za rangi. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963 viti vya Wazungu vilipoachwa wazi, walioweza kuvikalia upesi walikuwa wale waliotoka mahali palipotangulia kuwa na shule, yaani penye misheni na njia ya reli. Mahali pengine shule zilikuwa mbali na chache. Huo haukuwa ubora wa kabila, ulikuwa ubora wa barabara. Lakini aliyetangulia kuketi ndiye aliyemwita ndugu yake, na ndugu akamwita shemeji.

Haja ya sheria ilionekana kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Katika mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu chake cha 7 kina maneno mawili. La kwanza lasema kila ofisi ya umma ijitahidi kuonyesha katika watumishi wake namna zote za watu wa Kenya. La pili lasema ofisi yo yote isiwe na watumishi wa kabila moja zaidi ya theluthi moja. Kisha Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, ikalitia jambo hili katika misingi ya utumishi wa umma, na kifungu cha 246 kikasema polisi nao watoke katika sehemu zote na makabila yote.

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, twaikuta tena kamba ya mbuzi. Watu wamelishika lile neno la theluthi, wakaliacha lile la kwanza. Mkuu wa ofisi akiulizwa hujibu, "Sisi tuko chini ya theluthi," kana kwamba amemaliza. Lakini nchi yetu ina makabila zaidi ya arobaini. Kama makabila matatu yangechukua kila moja theluthi yake, ofisi ingejaa, wala sheria isingeweza kusema neno juu ya kikomo, na makabila mengine yote yangesimama nje ya mlango. Theluthi ni mahali asipoweza kupita mtu. Wajibu wenyewe ni kule kujitahidi.

Mwaka 2011 Tume ya Uwiano na Utangamano iliwahesabu watumishi wa Serikali. Wakikuyu walikuwa 22.3 katika kila watumishi 100, na Wakalenjin 16.7. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Wakikuyu walikuwa 6,622,576 kati ya watu 38,610,097, yaani kama 17 katika kila 100, na Wakalenjin 4,967,328, kama 13. Yatazameni vema mambo haya, maana yanawapinga wote wawili. Yule asemaye kwamba Serikali yote ni ya kabila moja amekosa. Hakuna kabila lililofika hata robo. Na yule asemaye kwamba hapana upendeleo naye amekosa, kwa kuwa walio wengi wamepata zaidi ya wingi wao, na ziada hiyo imetoka mkononi mwa mtu.

Tusidhani kwamba ni Nairobi tu. Tangu mwaka 2013 tunazo kaunti 47, na sheria ya kaunti ya mwaka 2012 yasema nafasi zisizopungua 30 katika kila 100 za kuanzia kazi zipewe watu wasio wa kabila kubwa la kaunti ile. Mwaka 2016 Tume ilipozikagua, kaunti zilizo nyingi zilikuwa zimeshindwa. Watu waliolia miaka mingi kwamba makao makuu yawabagua, walipopata ufunguo wao wenyewe waliufunga mlango vile vile. Na walio wachache katika kaunti zile wakasema neno tunalolijua: "Ni wao."

Mzee mmoja alituambia, "Nikiugua sitaki daktari aliyechaguliwa kwa zamu ya kabila, nataka ajuaye." Ni neno la busara, nasi twamjibu kwa heshima. Katiba yataka mashindano ya haki na uwezo, lakini yasema uwezo huo uende pamoja na kuwakilisha watu wote na kuwapa nafasi sawa wanaume na wanawake, makabila yote, na watu wenye ulemavu. Haisemi aliyeshindwa achukuliwe. Nafasi zikiwa 20 na waliofaulu wakiwa 400, hapo hapana ajuaye aachwaye kwa ajili ya asiyejua, wote wajua. Swali ni kwa nini katika wajuao 400 wale 20 wote watoke ng'ambo moja ya mto.

Yako makabila ambayo hesabu haiwezi kuyasaidia kabisa. Katika hesabu ya mwaka 2019 Wadahalo wa pwani walikuwa 575 na Waelmolo 1,104, kati ya watu 47,564,296. Katika ofisi ya watumishi 1,000, Wadahalo wangegawiwa kwa hesabu sehemu ya mtu isiyofika ukucha wa kidole. Ndiyo maana Katiba katika kifungu cha 56 imewawekea walio wachache njia ya kuinuliwa kwa makusudi. Na Wamakonde wa Kwale walikuwa na shida ya nyuma zaidi: hawakuwa na kitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walikwenda kwa miguu kuelekea Nairobi kudai kuwa raia, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Asiye na kitambulisho hawezi hata kuomba kazi ya kufagia, seuze kuhesabiwa katika theluthi ya mtu.

Mabwana Machifu, mna sehemu katika jambo hili ambayo wengine hawaioni. Polisi wanapoandikishwa, huandikishwa uwanjani katika kila wilaya ndogo, vijana wakakimbia, wakapimwa urefu, wakafungua vinywa meno yatazamwe. Mpango huo uliwekwa ili kila upande upate wake. Lakini kijana wa mbali hufika na barua ya chifu isemayo kwamba ni mkaaji wa pale, na jioni nafasi ya mwenyeji imekwenda. Barua ile haikuandikwa Nairobi. Na ninyi Walimu, tangazo la kazi hufika kwa intaneti na magazeti, likafungwa kabla halijasikiwa vijiji vya mbali. Sisi tulio makarani tumeona maombi mengi yakitupwa, si kwa kabila, bali kwa kukosa nakala ya cheti au kwa kuchelewa siku mbili. Ubao wa shule waweza kubandikwa tangazo pamoja na siku ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Basi turudi matangani kwa yule mzee. Je, hakimu akiwa wa kabila la marehemu, hukumu itakuwa ya haki zaidi? Sisi twasema hapana. Wafiwa wakimtamani hakimu wao, watu wa dereva nao watamtamani wa kwao, na mahakama itakuwa kama mchezo wa kuvuta kamba. Tunatafuta ofisi yenye watu wa namna zote kwa sababu nyingine: ni vigumu kupanga siri ya kikabila mbele ya mtu asiye wa kabila hilo, na ni vigumu kijiji kusema "ni wao" kikiwa kimemwona mtoto wake akiandika katika meza ile ile. Lakini uzuri wa hukumu yenyewe hupimwa kwa sababu zake. Sheria yamlazimu hakimu aandike sababu za hukumu yake na kuisoma mbele ya watu. Hukumu ikionekana haikufuata sheria au adhabu haikustahili, Mahakama Kuu yaweza kuliita jalada na kulitazama, na yaweza hata kuongeza adhabu, mradi dereva asikilizwe kwanza.

Kwa hiyo siku ya hukumu yafaa awepo mtu mmoja wa ukoo ajuaye kusoma na kuandika. Aandike jina la mahakama, tarehe, namba ya kesi, kifungu dereva alichotiwa hatiani, na sababu alizozitaja hakimu, akizisikia vizuri au vibaya. Namba ya kesi hasa asiisahau. Wafiwa wengi hufika dirishani kwa karani wa mahakama baada ya miezi wakitaja jina la marehemu wao, na karani hutafuta asilione, kwa kuwa jalada la kesi ya jinai huandikwa kwa jina la mshtakiwa.